Tumbo Limepunguzwa, Protini Je?

Ukimwambia mtu wa Kilolo kwamba umelipa hela nyingi ili ukatwe tumbo usile sana, atakuangalia mara mbili, halafu atakuuliza kama umeshakula. Huku kwetu mgeni akifika anapewa ugali kwanza, maswali baadaye. Mwanamke mnene anasifiwa kwamba ameolewa vizuri. Mwembamba anaonewa huruma. Kwa hiyo habari ninayokuletea mwezi huu, mpenzi msomaji, si ya mtu aliyepungua akapendeza tukapiga makofi. Ni ya kile kinachofuata baada ya makofi, kwenye sahani, mara sita kwa siku.

Zamani ukisikia mtu amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito ulijua amekwenda India au Afrika Kusini, na kwamba ana hela zake. Siku hizi hata Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, wanatoa huduma hizi: kuna la puto, linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha linatolewa, na kuna upasuaji wenyewe. Profesa Mohamed Janabi, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, alishawafanya Watanzania wengi waangalie sahani zao kwa wasiwasi. Mpaka mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kupima uzito zaidi ya ule wa gunia, anamjua.

Mama anaishi na kaka yangu na wifi yangu hapo Kilolo. Wifi ni mwalimu wa sekondari, ana miaka 36, watoto wawili. Ameniruhusu niandike kwa sharti moja: jina lake lisionekane. "Wanafunzi wangu wanasoma kila kitu isipokuwa vitabu," aliniambia.

Alikuwa na kilo 128. Presha, kisukari, magoti yanayolia akipanda kilima, na kwa wanaopajua Kilolo, hakuna pa kwenda bila kupanda kilima. Alishajaribu kila kitu: kuacha ugali, kunywa maji ya ndimu, kukimbia asubuhi kwenye baridi ile ya Juni mpaka mbwa wa jirani wakamzoea. Akaamua kufanyiwa upasuaji huko Dar. Kaka akauza miti yake ya mbao aliyokuwa anaitunza tangu kabla hajaoa. Hilo tu lingetosha kuandikiwa makala nyingine ya mapenzi.

NUSU KIKOMBE CHA CHAI

Tuelewane kwanza alichofanyiwa. Kuna aina mbili zinazofanyika zaidi duniani. Katika ya kwanza, daktari anaondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, kinabaki kitu chembamba chenye umbo la ndizi. Hii ndiyo ya wifi. Ya pili inaitwa baipasi: kinatengenezwa kifuko kidogo sana juu ya tumbo, mwanzoni kinabeba kama vijiko viwili vya chakula, kisha kinaunganishwa na utumbo ili chakula kikwepe sehemu ya njia yake ya kawaida.

Kwa tumbo la ndizi, nafasi inayobaki ni kama nusu kikombe cha chai. Homoni ya njaa nayo inashuka, maana sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa inaitengeneza kwa wingi. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri hajakumbuka kula. Watu wanaona hiyo ni raha. Ni raha, lakini ina mtego.

Mwili usipopata chakula unachoma akiba. Tunataka uchome mafuta, na kweli unachoma. Ila ukikosa protini hauishii kwenye mafuta, unashika na misuli: mapaja, mikono, misuli ya mgongo. Mizani itakuonyesha kilo zinashuka na utafurahi, kumbe nusu ya furaha ni nyama yako mwenyewe uliyoihitaji. Kidonda kinachelewa kupona, kinga inashuka, miguu inaweza kuvimba, nywele zinakatika, na unachoka uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Sasa namba. Miongozo ya madaktari inasema mtu aliyefanyiwa upasuaji huu apate protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, na wengi wanaambiwa wafike hadi 80. Yai moja lina gramu 6. Piga hesabu: ni mayai kumi kwa siku, kwenye tumbo la nusu kikombe. Hapo ndipo wifi alipokwama.

SUPU HAITOSHI

Wiki mbili za mwanzo ni vinywaji tu. Wiki ya tatu na ya nne unaingia vyakula vilivyosagwa vikawa laini kama vya mtoto, kisha vyakula laini, na kwenye wiki ya sita hadi ya nane unaanza kurudi taratibu kwenye chakula cha kawaida. Wifi alirudi Kilolo na karatasi moja imeandikwa "uji, supu, juisi, maji". Hospitali aliyofanyiwa siitaji, na karatasi yenyewe haikuwa na uongo. Ilikuwa fupi mno.

Mama akaipokea karatasi ile kwa mikono miwili. Supu! Uji! Hivyo ndivyo vitu anavyovijua kuliko daktari yeyote. Mgonjwa akiwa kitandani kwetu anapewa supu ya kuku wa kienyeji, basi mama alichinja, akachemsha, akachuja, akamletea wifi maji yake kwenye kikombe. Nyama tukala sisi wengine. Mimi nilikuwepo wikiendi ile, na paja nililikuta tamu sana.

Hapo ndo penye siri ambayo wengi hatuijui: maji ya supu yana protini kidogo sana. Ladha imeingia kwenye maji, protini imebaki kwenye nyama. Supu ya kongoro, ambayo nusu ya wanaume wa Iringa wanaiamini kuliko dawa, ina ule utelezi wa ngozi na mishipa. Utelezi huo nao ni protini, lakini ni protini pungufu, imekosa moja ya vitu vya lazima vinavyojenga misuli. Ukiitegemea peke yake hujengi chochote. Uji wa dona nao ni hivyo hivyo. Mahindi yana protini kiasi, ila si kamili, na ili ufike gramu 60 kwa uji ingebidi unywe ndoo.

Afisa lishe wa wilaya alipokaa na wifi baadaye wakaandika alichokuwa anakula kwa siku, walipata kama gramu 25. Hiyo ilikuwa mwezi wa nne. Alishafika kilo 97, nguo zinamning'inia, kila mtu shuleni anamsifia. Na kila asubuhi kitana kinatoka na fungu la nywele.

Kuhusu nywele niseme jambo, maana najua kuna dada anasoma hapa huku anashika kichwa. Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida kwa wengi, mwili umepata mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa haraka. Kwa kawaida zinarudi. Lakini upungufu wa protini, madini ya chuma au zinki unalifanya tatizo kuwa kubwa na refu zaidi, kwa hiyo usiambiwe "ni kawaida" ukaacha kupima.

"SHEMEJI ANAUMWA?"

Kuna kitu kingine ambacho hakuna daktari aliyemwandaa nacho. Sisi ni watu wa Iringa. Kwenye utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022-2023, mkoa wetu ulikuwa na maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wazima, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini. Karibu kila ukoo una mtu uliyemzika miaka ile ambayo dawa hazikuwepo, na tulimwona akikonda. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa na kilo 128 akipoteza kilo 31 ndani ya miezi minne, nywele zinakatika, anaacha ugali sahanini... watu wanajua wanachokifikiria. Hawakisemi, wanauliza tu kwa upole.

Kaka aliulizwa kijiweni. "Shemeji anaumwa?" Akajibu hapana. Siku ya pili mwingine akamshika bega, akamwambia siku hizi dawa zipo, ajikaze. Alirudi nyumbani hajasema neno mpaka usiku.

Tatizo ni kwamba wifi na kaka walikubaliana kuficha. Mama alijua mkwe wake amefanyiwa "upasuaji wa tumbo", akadhani uvimbe. Hakuambiwa kwamba ni kwa ajili ya unene, na wala kwamba mkwe wake hawezi tena kumaliza sahani. Akawa anapika, sahani inarudi. Anapika kingine, inarudi. Mwanamke wa Kihehe chakula chake kikirudi mara tatu anaanza kujiuliza amekosea nini, na mara ya nne anaanza kujiuliza huyu binti ana nini.

"Nilikuwa namwaga ugali kwa kuku wake mwenyewe," wifi aliniambia. "Halafu kuku wananenepa, mimi naisha."

Nilimuuliza kaka kwa nini hawakumwambia mama tangu mwanzo. Akanijibu, "Mdogo wangu, ningemwambiaje kwamba nimeuza miti ili mke wangu asile?" Kusema kweli sikuwa na jibu. Ila nafikiri ndoa nyingi zinabeba siri ndogo za namna hii kwa kuogopa maneno ya siku moja, na zinalipa kwa miezi. Kaka mwenyewe alianza kuogopa. Usiku alikuwa anamsikiliza mkewe kama anapumua.

Siku waliyomwambia mama mimi sikuwepo. Nilichosimuliwa ni kwamba alinyamaza muda mrefu, akauliza kama tumbo lililokatwa lilizikwa wapi, halafu akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa anatakiwa ale nini?"

SIKU MOJA, GRAMU SITINI

Jibu lililetwa na afisa lishe, na halikuwa kopo la unga wa protini lenye picha ya mwanamume aliyevimba kifua. Makopo hayo yanasaidia, hasa wiki za mwanzo ambapo hakuna kingine kinachopita, na kama una uwezo nunua. Lakini kwa bei ya kopo moja utanunua trei kadhaa za mayai, na duka lenyewe halipo Kilolo.

Kanuni ya kwanza: protini inatangulia. Kwenye sahani anza na yai, samaki, nyama au maharage, mboga zifuate, na ugali uje mwisho kama kuna nafasi. Mara nyingi haitakuwepo. Kanuni ya pili: usinywe wakati unakula. Maji subiri nusu saa baada ya chakula, la sivyo yatajaza nafasi yote. Ya tatu: kula kidogo mara tano au sita, tafuna mpaka kitu kiwe uji mdomoni. Wifi alizoea kula haraka kama walimu wote, kengele inagonga. Sasa anaweka kijiko mezani kila baada ya tonge.

Siku yake inakwenda hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakunywa glasi ya maziwa fresh yaliyochemshwa, yamekorogewa vijiko vitatu vilivyojaa vya maziwa ya unga. Ujanja huu ni wa bei poa na unaongeza protini karibu mara mbili bila kuongeza ukubwa wa glasi: anapata kama gramu 12. Saa nne, mapumziko ya shule, yai moja la kuchemsha, 6. Mchana anakula maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakapikwa na kupondwa, theluthi moja ya kikombe, na juu yake vijiko viwili vya unga wa dagaa. Hapo ana kama 13. Alasiri kikombe cha mtindi, 8. Maziwa yakikusumbua tumbo baada ya upasuaji, na wapo wengi yanaowasumbua, mtindi huwa mpole zaidi. Jioni kipande cha perege au nyama ya kuku iliyochambuliwa, nusu ya kiganja chake, kama 14. Kabla ya kulala nusu glasi na ushee ya maziwa, sita au saba. Jumlisha mwenyewe.

Unga wa dagaa unastahili maneno yake. Dagaa wakavu, pamoja na usipa wanaotoka Kyela, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mama anawatoa vichwa, anawaosha mchanga mara tatu, anawakausha, anawakaanga bila mafuta mpaka wanavunjika kwa vidole, anawatwanga na kuchekecha. Unakaa kwenye chupa yenye mfuniko. Nusu ya kijiji kinatwanga karanga, wachache wanatwanga dagaa, na hiyo mimi naiona ni hasara. Harufu? Ipo. Weka tangawizi, na kitunguu cha Ruaha Mbuyuni ukikaange kweli kweli.

Maharage na njegere tunavilima wenyewe, na vikikutana na mahindi vinakamilishana: kinachopungua huku kinapatikana kule. Ndiyo maana makande si chakula cha kimaskini kama tunavyokidharau. Kwa wifi makande bado ni mazito, ila anakula ya kusaga.

NA WATOTO JE?

Wiki ya pili ya utaratibu mpya, jioni, mezani. Wifi ana kipande chake cha samaki. Watoto wana ugali na mboga ya majani, wanaangalia kile kipande. Mama akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anaomba chumvi: "Na hawa protini yao iko wapi?"

Swali hilo mimi naona ndilo kubwa kuliko upasuaji. Iringa tunalisha nchi. Nyanya za Ilula zinapakiwa malori kwa malori, viazi, mahindi, maziwa, vyote vinatoka huku. Na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, mkoa wa kwanza kwa ubaya, wakati wastani wa nchi ni 30. Udumavu una sababu nyingi: maji, magonjwa ya mara kwa mara, mama aliyechoka na shamba akiwa mjamzito. Lakini sahani ya ugali mwingi na mboga kidogo imo. Tumbo limejaa, mtoto halii, wazazi tunaridhika.

Nyumba ile sasa haina chakula cha mgonjwa. Unga wa dagaa unaingia kwenye maharage ya wote na kwenye uji wa watoto. Mayai ambayo zamani yalikuwa yanauzwa yote yanagawanywa, na kuku wa mama wanapotaga machache kunakuwa na majadiliano. Kaka bado anakula ugali wake mkubwa kama mlima, sijaona dalili ya yeye kubadilika.

ULANZI, VIDONGE NA MAMBO YA CHUMBANI

Msimu wa ulanzi ulipofika, mashemeji waliona ni sherehe. Huwezi kuwa Kilolo mvua inanyesha na mianzi inatoa, usionje. Ila baada ya upasuaji huu pombe inaingia kwenye damu haraka kuliko zamani na inakaa juu zaidi, glasi moja inafanya kazi ya glasi kadhaa. Ule mtogwa, mtamu wa siku ya kwanza, nao una sukari. Sukari nyingi kwa mkupuo inaweza kukuletea mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuharisha, hasa kwa waliofanyiwa baipasi. Wifi alinusa tu, akarudisha.

Vidonge ni vya maisha: mchanganyiko wa vitamini, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na B12. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, viachanishe saa mbili, na usishushie chuma kwa chai. Na ukiwa unatapika siku baada ya siku usivumilie nyumbani ukisema ni tumbo dogo. Ukianza kuona vitu viwili viwili, miguu kufa ganzi au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, inaweza kuwa upungufu wa vitamini B1. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie umefanyiwa upasuaji gani.

Kwa wenzi, jambo moja ambalo watu wanaona aibu kuuliza. Uzito ukishuka, uzazi unaamka. Wanawake waliokaa miaka bila kushika mimba wanashika ghafla, na madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba ya kumjengea mtoto. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifanye kazi vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo ongeeni na mtoa huduma kuhusu kitanzi, kipandikizi au sindano. Kaka na wifi mtoto wa tatu wanamtaka. Wameandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, nyuma ya mlango, ambako mama haangalii. Nadhani.

Mwezi ujao wifi anatimiza miezi sita, na ana safari ya Dar kwenda kupima: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, vitamini D, protini ya damu, sukari. Dawa ya kisukari walishampunguzia. Anaweza kupanda mpaka shuleni bila kusimama, na juu ya paji la uso kuna vinyweleo vifupi vinavyochomoza ambavyo anavionyesha kwa kila anayemtembelea. Mama ameshasema atamfungia mayai mawili ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, na la kwanza aliwe kabla basi halijapita Ruaha Mbuyuni.